Mama Pasi na Shati Lililoungua Mgongoni

Marehemu alizaliwa asubuhi ya tarehe 14 Mei 1958, katika chumba cha nyuma cha duka la dobi, mtaa wa pili kutoka kituo cha reli. Alikuwa mtoto wa kwanza kati ya watatu. Dobi mwenyewe ndiye aliyekuwa baba yake, na mama yake alikuwa karani wa posta. Siku hiyo baba alikuwa na sare za timu nzima ya mpira za kunyoosha kabla ya saa nane mchana. Inasemekana alikuja mara moja kumtazama mtoto, akasema, "Huyu ana masikio makubwa," akarudi kwenye pasi yake. Masikio hayo ndiyo yaliyomlisha marehemu maisha yake yote, na wengi wenu mlioketi hapa leo mmewahi kuyaogopa.

Alijifunza kusoma kabla hajaanza shule, na walimu wake walikuwa magazeti ya zamani. Mama aliyaleta kutoka posta kwa ajili ya kufungia nguo zilizonyooshwa. Dobi hakutaka gazeti liondoke dukani na suruali ya mtu kabla halijasomwa, kwa hiyo alimkalisha binti yake juu ya kikapu cha nguo, naye akasoma kwa sauti huku baba akinyoosha. Habari ikiwa ya hovyo, pasi ya mkaa iliendelea kwenda na kurudi. Habari ikimshika, dobi aliinyanyua pasi akabaki nayo hewani, mkono hautikisiki, mpaka iishe. Kuna nyakati habari ilikatikia njiani kwa sababu ukurasa wa pili ulikuwa umeshafunga shati la mteja na kwenda zake. Hapo mtoto alitumwa mbio hadi kwa mteja. Alisimama mlangoni kwa watu, akaamkia vizuri, kisha akaomba kuazima karatasi, si nguo. Mtaa mzima ulimjua kwa hilo, na mdogo wake anayesoma wasifu huu ndiye aliyekuwa akiburutwa mkono kwenye safari hizo.

Marehemu alisoma shule ya msingi ya reli kuanzia mwaka 1965 hadi 1971, kisha akajiunga na sekondari ya wasichana ya bweni, alikomaliza mwaka 1977. Huko alipewa kazi ya kunyoosha nguo za walimu, kwa kuwa alikuwa mtoto wa dobi na ilidhaniwa mambo hayo yako kwenye damu. Hayakuwepo. Dobi hakuwahi kuunguza hata leso, lakini binti yake hakujaliwa mkono ule wa kubaki hewani. Mwaka wake wa tatu, rafiki yake wa kitanda cha juu alikuwa anamsomea insha yake kuhusu siku bibi yake alipouza mashine ya kushona, na gauni la mwalimu wa zamu likaungua kifuani. Alipoulizwa ana nini cha kujitetea, alisema, "Mwalimu, ile insha ilikuwa nzuri." Aliadhibiwa kufyeka majani nyuma ya bweni. Mwalimu naye, tusimwonee, aliomba aletewe insha hiyo aisome.

Baada ya chuo cha uchapaji, aliajiriwa Januari 1980 katika kiwanda cha uchapaji kama msahihishaji wa prufu, zile kurasa za majaribio kabla kitabu hakijachapwa. Chumba chao kilikuwa ghorofani, juu ya mashine, na sakafu ilitetemeka kutwa nzima kiasi kwamba vikombe vya chai viliwekwa juu ya vitambaa. Hapo alikutana na msanifu kurasa mmoja mfupi, mkimya, ambaye kila mtu alimwita Bwana Nukta, na urafiki wao haukukatika hadi siku ya mwisho. Marehemu alisahihisha kwa kusoma kwa sauti. Wenzake walilalamika, wakazoea, na mwishowe wakawa wanaacha kazi zao kumsikiliza, jambo ambalo msimamizi hakulipenda.

Ndani ya chumba hicho ndoa yake ilianzia, tena kwa ugomvi. Mwaka 1983 kijana mpima ardhi alileta kitabu alichokiandika kwa ajili ya wanafunzi wa upimaji. Prufu zikarudi zimejaa wino mwekundu. Kijana akapanda ngazi mbilimbili, akasimama mbele ya meza ya msahihishaji akiwa na kanda ya kupimia kiunoni, na kutaka kujua ni kipimo gani alichokosea.

"Vipimo sina ugomvi navyo," marehemu alimwambia bila kuinua macho. "Umenipa urefu, umenipa upana, umenipa mwinuko. Ila sijaona hata jani moja. Huko ulikopima hakuna kitu kinachoota?"

Kijana aliondoka amenuna. Kesho yake akarudi na tawi la mti, akaliweka juu ya meza. Marehemu alimtazama kwa mara ya kwanza, akacheka hadi chumba kizima kikacheka. Walifunga ndoa Jumamosi tarehe 8 Desemba 1984, wakajaliwa mtoto wa kiume na wa kike. Maisha yote alimwita mumewe Bwana Mpima. Naye mume akiulizwa alimpendea nini, hujibu kwamba hajui, alichokuwa anataka ni kushinda ule ubishi. Hakuushinda kwa karibu miaka arobaini.

Kiwanda kilifungwa mwaka 2008. Mashine zikanyamaza, vikombe vya chai vikaacha kutikisika, na marehemu akarudi nyumbani na sanduku la kalamu nyekundu. Kwa miezi kadhaa alizunguka nyumba akisahihisha maandishi ya makopo ya sabuni. Halafu, Machi 2009, Bwana Nukta akaja na kompyuta kwapani, akaiweka kwenye meza ya kulia chakula, na wawili hao wakaanzisha jarida la sanaa. Lilikuwa la mtandaoni kwa sababu moja tu: hakukuwa na wa kulichapa. Halikuwa la chama, la wizara wala la tajiri yeyote. Lilitoka kila Ijumaa, na ndani yake mlikuwa na hadithi, mashairi, michoro, picha na barua kutoka kwa watu ambao hakuna aliyewahi kuwaomba waandike.

Sasa, utaratibu wa jarida hilo wengi mnaujua, ila kwa faida ya ndugu wa mbali tuueleze. Marehemu hakukubali andiko lolote mpaka mwandishi mwenyewe amsomee kwa simu. Alichagua saa anayopiga pasi. Simu iliwekwa kwenye spika, juu ya kabati, na meza ya kupigia pasi ilikuwa na mguu mmoja uliolegea ambao mume wake aliahidi kuutengeneza tangu mwaka 1991. Pasi ikienda, mguu ulilia. Pasi ikisimama, mguu ulinyamaza. Mwandishi kule alikokuwa alisoma huku ametega sikio: mguu ukiendelea kulia, andiko halijapita. Mguu ukinyamaza, moyo wake ulianza kwenda mbio. Na nguo ikiungua, hakuna tena cha kujadili, andiko hilo linatoka Ijumaa. Hivyo ndivyo waandishi walivyompa jina la Mama Pasi.

Wachoraji nao hawakuachwa. Kazi zao zilitundikwa kwa vibanio vya nguo kwenye kamba juu ya meza hiyo. Mchoro uliomfanya asahau kutazama chini ndio uliochukuliwa. Mchoraji mmoja alilalamika kwamba picha zake zinarudi zimepinda kwa mvuke, akaambiwa ashukuru, kwa kuwa picha ambayo haikupata mvuke ni ile iliyoteremshwa mapema.

Watu walijaribu ujanja. Yuko mshairi mmoja wa kike, leo ni mwalimu wa chuo na hatutamtaja ingawa anacheka hapo nyuma, aliyechunguza ratiba ya nyumba ili apige simu siku ya nguo za nailoni, zinazoungua upesi. Lakini kisa kinachosimuliwa zaidi ni cha mwandishi wa hadithi aitwaye Sharubu. Alipofika ukurasa wa pili, alisikia mguu wa meza umenyamaza. Akasoma hadi mwisho. Marehemu akamshukuru kwa upole, simu ikakatwa. Sharubu akawanunulia soda walimu wote wa shule aliyokuwa akifundisha na kupokea pongezi mpaka jioni, simu yake ilipoita.

"Mwanangu," marehemu alimwambia, "nisamehe. Umeme ulikatika."

Sharubu aliiandika upya hadithi ile. Alipoisoma mara ya tatu iliunguza foronya. Alipewa foronya hiyo, na mpaka leo ipo kwenye fremu ukutani kwake.

Aliyelipia gharama ya fasihi hii yote alikuwa Bwana Mpima, maana mashati mengi yalikuwa yake. Alivaa mashati meupe kazini, na mengi yalikuwa na alama ya pasi pindoni. Mkewe alijifunza kuanzia huko chini wakati akisikiliza, ili kikiungua kitu kifichwe na suruali. Mume aliyapa mashati yake majina ya maandiko yaliyoyaunguza. Ungemsikia asubuhi akiuliza, "Lile la mjane na redio liko wapi?" au "Leo nipe lile shairi la ngazi." Aliyavaa kwa fahari, na akiwa na wageni alikuwa radhi kuchomoa pindo ili waone.

Ndani ya moyo wake, hata hivyo, kulikuwa na jambo lililomsumbua, na wote wa nyumbani tulilijua. Bwana Mpima naye alitaka kuandika. Aliandika kuhusu kambi za upimaji, mito aliyovuka, nyoka aliyemkuta ndani ya buti. Kila alipomaliza alikaa kwenye kiti cha kando ya kabati, akakohoa, akamsomea mkewe anaponyoosha. Mguu wa meza ulilia kuanzia neno la kwanza hadi la mwisho. Shati lilitoka limenyooka, halina hata kunyanzi, na kesho yake alilivaa kwenda ofisini akiwa amenuna. Wenzake wa ofisini waligundua siri hiyo. Wakimwona amependeza sana, walimpa pole.

Watoto walimwonea huruma. Siku moja binti yao, kitinda mimba, alimvuta mama yake jikoni akamwambia, "Mama, si umpitishie tu hata moja? Ni mume wako jamani."

"Ndiyo maana siwezi," marehemu alijibu. "Nikimpitishia kwa sababu ni mume wangu, atajua. Atalivaa hilo shati na moyoni atajua. Baba yako anaandika vitu alivyovipima. Namngojea aandike alichokiona."

Bwana Mpima alikuwa sebuleni na aliyasikia yote. Alimwambia shemeji yake baadaye kwamba siku hiyo alikasirika, kisha akaona kwamba duniani hakuna mtu mwingine aliyemchukulia maandishi yake kwa uzito kiasi hicho.

Marehemu alianza kusumbuliwa na moyo Februari 2022. Mwanzoni alichoka kwa kupanda ngazi, baadaye kwa kusimama. Madaktari walimtibu kwa bidii na familia inawashukuru. Mwanzoni mwa mwaka huu alishindwa kabisa kusimama mbele ya meza yake, na waandishi wakadhani jarida limekwisha. Halikwisha. Meza ilihamishiwa chumbani, ikawekwa kati ya kitanda na kabati la nguo, na binti yake akawa ndiye anayenyoosha. Simu ilikaa juu ya mto. Mguu wa meza ulilia kama kawaida, na hapo ndipo ilipogundulika kwamba masikio yale makubwa yalikuwa yameruka na kutua kwa binti.

Kilichomuumiza marehemu kuliko ugonjwa ni dirisha. Chumba chao kinatazama barabara, lakini kitandani alikuwa anaona anga tu na waya wa umeme. Kila siku alimuuliza mumewe, "Huko nje kuna nini?" Bwana Mpima alichungulia akajibu, "Magari machache. Watu watatu wanne. Upepo kidogo."

"Hujaniambia kitu," mkewe alimjibu.

Basi mzee akaanza kusimama dirishani kila siku baada ya chai, na kwa kuwa kumbukumbu nayo si ile ya zamani, akawa anayaandika aliyoyaona nyuma ya makaratasi yake ya kazi. Hakuwa anaandika kwa ajili ya jarida. Alikuwa ameshakata tamaa na jarida. Alikuwa anamletea mkewe barabara. Alimsomea kuhusu fundi wa mashine ya fotokopi anayeipapasa mashine yake kabla ya kuiwasha, na mama wa ghorofa ya mbele anayeanika shuka huku akizungumza nazo. Marehemu alisikiliza amefumba macho, akiuliza moja mbili, na mara nyingine akalala katikati.

Tarehe 20 Julai mwaka huu, mchana, mdogo wake marehemu, huyu anayewasomea, alikuwa mlangoni na sinia la chai. Binti alikuwa ananyoosha shati jeupe la baba yake. Mzee aliketi kando ya kitanda, akavaa miwani, akasoma:

"Muuza mikate wa kona bado anakutengea mkate wako. Saa kumi anaufunga kwenye karatasi na kuuweka pembeni, upande ule ulikokuwa unasimama. Anatazama barabara. Mteja mwingine akiuomba, anamwambia huo una mwenyewe. Saa kumi na moja na nusu anaufungua, anaurudisha kwenye kabati la kioo, na karatasi anaikunja vizuri. Jana nilidhani amechoka, kwa sababu saa kumi ilipita. Halafu nikamwona anatoka nyuma ya duka akikimbia, mikono ina unga, anaufunga."

Mguu wa meza ulikuwa umenyamaza tangu mwanzoni. Hakuna aliyegundua. Mzee aliendelea hadi sentensi ya mwisho, akakunja karatasi yake. Ndipo marehemu akafungua macho na kunusa.

"Kuna nini kinaungua?"

Mzee akainuka upesi kwenda kukagua soketi. Binti alikuwa amesimama na machozi yanamtiririka, pasi bado iko palepale.

"Shati la Baba," akasema. "Mama, nisamehe."

"Sehemu gani?"

"Mgongoni. Katikati kabisa."

"Basi imepita," marehemu akasema.

"Nini imepita?" mzee aliuliza, bado ameinamia soketi. "Hii haina shida, nadhani ni waya."

"Bwana Mpima, acha soketi. Njoo hapa." Akamshika mkono. "Nimeuona mkate. Nimemwona na mtu mwenyewe. Imepita."

Mzee aliketi kitandani akalia kwa sauti, kama mtoto, na hakuona haya. Mkewe alimwacha alie mpaka akatulia, halafu akamwomba karatasi na kalamu nyekundu. Sentensi ya mwisho ilikuwa inasema jinsi nyumba ilivyokuwa tupu bila yeye. Akaikata.

"Hiyo toa," alimwambia. "Hapo ulianza kunililia, na mimi bado nipo."

Hiyo ndiyo kazi ya mwisho aliyoihariri kwa mkono wake. Alitaka itoke Ijumaa ya tarehe 11 Agosti, kwa kuwa Ijumaa zilizotangulia alikuwa ameshawaahidi wengine, na mume hakupewa upendeleo wa kuruka foleni. Marehemu alifariki Jumatano tarehe 9 Agosti 2023, saa tatu asubuhi, kitandani kwake, mumewe akiwa dirishani na binti yake akiwa ameshika miguu yake. Alikuwa ameuliza kuna nini huko nje, na mzee alikuwa anamjibu. Alipogeuka kuona kama amesinzia, alikuwa ameshaondoka. Hata hivyo mzee aliendelea kumwambia hadi akamaliza, kwa sababu, alivyosema mwenyewe, haikuwa adabu kumwachia katikati.

Jana jarida lilitoka kama kawaida. Bwana Nukta alitaka kuweka picha ya marehemu na utepe mweusi ukurasa wa mbele. Mzee akakataa. Alisema aliyeupanga ukurasa huo hakupanga utepe. Kwa hiyo jana kulikuwa na michoro miwili, shairi moja, na kipande kifupi kuhusu mkate, na chini yake jina la mwandishi ambaye mhariri alimngoja tangu mwaka 1983. Muuza mikate alisomewa na wateja wake. Leo amefunga duka, na yuko pamoja nasi.

Binti alitaka kumnunulia baba yake shati jipya kwa ajili ya leo, mzee akakataa. Basi msije mkashangaa kwa nini mzee hajavua koti kwenye jua hili. Si kwamba haoni joto. Amevaa lile la mkate, na mgongoni kuna alama ya pasi nzima, kuanzia ncha hadi kisigino chake. Asubuhi alijitazama kwenye kioo kwa mbele, akageuka kujitazama kwa nyuma, akasema, "Hili nalivaa kwa haki." Baadaye, mkiwa nyumbani, mwombeni awaonyeshe. Atafurahi.

Marehemu ameacha mume, mtoto wa kiume na mkewe, mtoto wa kike, wajukuu wawili, mdogo wake wa kike na wa kiume, mashemeji na wakwe, Bwana Nukta aliyekuwa kama ndugu wa tumbo moja, na kundi kubwa la waandishi na wachoraji wanaojijua. Ameacha pia meza yenye mguu uliolegea. Mzee ametangaza mbele ya familia kwamba hatautengeneza. Binti atasimama hapo wiki ijayo, simu itakuwa juu ya kabati, na atakayepiga ajue hakuna atakayehurumiwa.

Dada, leo pasi yako imezimwa na nguo zote zimekunjwa. Pumzika kwa amani. Ukisikia harufu ya kitu kinaungua, usiinuke. Ni sisi tunasoma.